Bunduki Mbili za Samaki Kule Kipawa

Kawe, Ijumaa alasiri

Mwanangu Vero,

Umekwenda Tegeta kusuka nywele, na mama yako amekusindikiza ili, kama alivyosema mwenyewe, wasikuvute kichwa na wasikuchelewesheni. Nimebaki na nyumba. Jua linapiga kwenye beseni la maji pale kibarazani, na mwanga wake unarushwa hadi kwenye dari ya sebule, unatikisika, unajikunja, unajinyoosha tena. Nimeutazama muda mrefu nikiwa nimelala kwenye kochi. Ni kama nimezama na ninatazama juu kutoka chini ya maji. Nadhani mwanga huo ndio ulioniinua nikatafute kalamu. Ningengoja mrudi, nyumba ingejaa mabegi na majirani, na mimi ningenyamaza tena.

Habari za kula, kulala, kanisa na kupiga simu sitaziandika. Mama yako amezimaliza, na nyingine amezirudia. Nataka kukujibu swali moja uliloniuliza Jumapili.

Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha plastiki, simu mkononi, ukaniambia, "Baba, Anko Murtaza kasema nichague bunduki moja. Mie nataka ile ndefu. Unasemaje?"

Nikainuka nikaenda kuangalia kuku. Kuku walikuwa salama. Nilikaa bandani karibu nusu saa nikitazama ndoo tupu. Niliporudi nilikusikia jikoni ukimwambia mama yako, "Baba hataki niende. Anashindwa tu kusema." Na mama yako akakujibu, "Baba yako hashindwi kusema. Tumeishi na maneno yake miaka yote. Ukiona kanyamaza, ujue kuna jambo."

Jambo lipo. Lakini kwanza ujue kwamba nataka uende. Nimeitaka safari hii ya Durban pengine kuliko wewe. Mtu aliyezaliwa Singida, mahali ambapo maji tuliyapima kwa ndoo, binti yake anakwenda kusomea bahari shahada ya pili; mimi naweza kukataa kitu kama hicho? Nilinyamaza kwa sababu ya ile bunduki ndefu, na kwa sababu kukujibu kungenilazimu kusema jambo ambalo sijalisema tangu ulipokuwa na miaka minne.

Nianze kama nilivyokuwa nikianza darasani, kwa kueleza kitu ambacho unakijua. Bunduki ya samaki haina baruti. Ni mti au bomba, mbele yake mipira, juu yake mshale uliofungwa kwa kamba. Unavuta mipira kuelekea kwako, unainasa kwenye mshale, na nguvu ya mkono wako inabaki mle imelala, inakusubiri. Ukigusa triga, inaamka yote kwa pamoja. Kwa hiyo kila bunduki ni mkono wako uliorefushwa. Swali la kuchagua bunduki ni swali la kuamua unataka mkono wako ufike wapi. Niliielewa hesabu ya mkono huo mapema sana. Kilichonichukua muda ni kuelewa kwamba macho hayarefuki pamoja nao.

Murtaza nilimfahamu shuleni. Hakuja kusoma wala kumleta mtoto. Pampu ya maji ya shule ilikuwa imekufa, naye alikuja na beringi na mipira kutoka dukani kwake Kipawa. Alipita mbele ya darasa langu wakati wanafunzi wametoka, akaona ubaoni nimechora mwanga ukipinda unapotoka majini. Akasimama mlangoni na mikono yake ya grisi.

"Mwalimu," akasema, "hivi ni kweli samaki yuko mbali kuliko ninavyomwona?"

Nikamweleza. Ukivaa miwani ya kuzamia, kitu kilicho mita nne unakiona kana kwamba kiko mita tatu, na kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Nilimchorea tena. Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mwaka mzima nakosa samaki, nagombana na bunduki. Kumbe ugomvi wangu ni na jicho." Kisha akanitazama vizuri. "Wewe umewahi kuliona hilo?"

"Sijawahi kuingia majini kupita magoti."

"Sasa unafundishaje kitu hujakiona? Jumamosi njoo."

Ndivyo nilivyoingia baharini, mtu mzima mwenye miaka thelathini na moja, nikiwa nimeshika ukingo wa boti kwa mikono miwili huku mtu wa duka la beringi akinifundisha kupumua. Mara ya kwanza nilipoweka uso majini niliogopa, kisha nikasahau kuogopa. Chini palikuwa na nuru isiyotoka upande wowote. Samaki walining'inia bila kamba. Nilisikia mlio kama wa mafuta yanayokaangwa mbali, nikajiuliza ni nini, na Murtaza akaniambia baadaye ni mwamba wenyewe, wakazi wake wadogo wanatafuna. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba nimekuwa nikifundisha barua ya mtu bila kumwona mwenyewe aliyeiandika. Akaniambia nioge, nanuka chumvi.

Tukawa tunakwenda pamoja kila maji yaliporuhusu, kwa kibali cha kuvua kwa mchezo. Huko uendako nako wana kibali chao na mipaka yao. Uliza kabla hujalowa.

Bunduki zetu tulizitengeneza wenyewe, nyuma ya duka lake. Mbao ilikuwa mninga wa kitanda kilichovunjika, mipira ilitoka rafuni kwake, na shabaha yetu ya majaribio ilikuwa ndala iliyofungwa kwenye kijiti, maji yakiwa kifuani. Nilipenda siku za kule nyuma ya duka. Harufu ya mpira mpya na vumbi la mninga hadi leo hunipa usingizi mzuri. Na pale ndipo nilipomtazama Murtaza akiuza. Mteja akifika na kusema, "Nipe beringi namba fulani," Murtaza hagusi boksi. Anauliza kwanza, "Inakaa wapi?" Wapo waliokasirika. "Braza, we nipe namba niliyokutajia." Naye anarudia bila haraka, "Nitakupa. Inakaa wapi? Kwenye pampu, kwenye mashine ya kusaga, kwenye guta?" Maana beringi ileile inayodumu mahali pakavu hufa ndani ya wiki mahali pa mchanga. Nilimcheka. Nilidhani ni umbea wa duka.

Mimi nilikuwa mtu wa namba. Nilikuwa na daftari, na ndani yake nimepiga hesabu ya urefu wa mvuto, unene wa mpira, uzito wa mshale. Nikaonyesha kwa kalamu kwamba bunduki ya mita moja na robo, yenye mipira mitatu, ingepiga mbali karibu mara mbili ya ile fupi tuliyokuwa tukiitumia. Hesabu ilikuwa sahihi. Nimeirudia mara nyingi baadaye nikitafuta kosa ndani yake, na halipo. Nikaitengeneza. Ilinichukua likizo nzima ya shule. Nikaipaka mafuta hadi mninga ukawa mwekundu kama chai, na wewe ulikuwa ukija kuipapasa na kuiita farasi.

Siku ya kuipeleka majini ilikuwa baada ya mvua za masika. Mto ulikuwa umemwaga tope lake baharini siku mbili mfululizo. Murtaza alitia mkono majini, akautazama ulivyopotea.

"Mwalimu, leo haya maji ni chai ya maziwa. Beba ile fupi."

"Hii inafika mbali."

"Inafika mbali kuliko macho yako?"

"Huko kwenye mwamba yatakuwa yamesafika."

"Ungeiacha nyumbani ikalala na mama watoto," akasema, akacheka, akawasha injini. Alikuwa hivyo. Akishasema mara moja hakusukumi.

Kwenye mwamba maji hayakuwa yamesafika. Ukinyoosha mkono uliziona kucha zako, na mbele ya kucha palianza ukungu wa kijani. Ile bunduki yenyewe, ncha yake sikuiona vizuri. Fikiria hilo, Vero. Nilishika kitu ambacho mwisho wake umefichwa na maji, na bado nilijivunia jinsi kilivyo kirefu.

Unaijua kanuni yetu, maana ndiyo uliyokulia: mmoja chini, mmoja juu anatazama. Ilikuwa zamu ya Murtaza kuwa chini. Mimi nilielea juu, uso majini, nikimwona mara anatokea mara anapotea, mpaka akazunguka upande wa pili wa jiwe. Ndipo nikaona kitu cheupe kinang'aa chini yangu, kikubwa, kinapita polepole. Nikajiambia ni kolekole. Nikajiambia Murtaza yuko upande ule. Nikajiambia nikingoja zamu yangu samaki atakuwa amekwenda. Nilijiambia mambo matatu, na kila moja lilionekana ni la akili kabisa. Nikavuta pumzi nikashuka.

Huko chini palikuwa kimya na pazuri. Najua ni ajabu kuandika hivyo, lakini nakuandikia nilivyoona. Ukungu ulifunguka kidogo, ule weupe ukapita mbele yangu, nikagusa triga. Mipira mitatu iliamka. Bunduki ilirudi nyuma ikanipiga kwenye taya, na mshale ukaingia kwenye ukungu, nisikoweza kuona. Kisha kamba ikakaza.

Nilifurahi. Hili ndilo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kamba ilipokaza nikahisi uzito wa kitu kikubwa kikijitupa upande wa pili, nilifurahi kama mtoto. Nikavuta. Nilivuta mara mbili kwa nguvu zangu zote, nikiwa tayari naona jinsi nitakavyoingia nyumbani na samaki huyo begani na wewe ukikimbia mbele yangu. Wingu jepesi la kijani kibichi likaja likifuata kamba, nikadhani nimekwangua majani ya mwamba. Nilikuwa nimefundisha miaka kumi kwamba rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea majini, na kwamba ukienda chini kiasi cha kutosha damu huonekana kijani. Miaka kumi, ubaoni, kwa chaki ya rangi. Na ilipokuja mbele ya uso wangu sikuitambua.

Kilichotokea kwenye ukungu mwisho wa kamba kilikuwa ni mkono wa Murtaza, umeishika kamba, unaniomba nisivute.

Mshale ulikuwa umepita katikati ya shavu la mguu wake wa kushoto. Kile kibawa kidogo cha chuma ambacho hufunguka upande wa pili ili samaki asichomoke kilikuwa kimefunguka, kama kilivyotengenezwa kifanye. Nilivyovuta, kilimchana. Nilimpandisha kwenye boti sijui vipi. Hadi leo sijui pia kama samaki alikuwepo, au kile cheupe kilikuwa ni wayo wa pezi la mpira alilovaa Murtaza mguuni.

Alikuwa amelala chali, midomo imekauka, akaniambia, "Mwalimu, usilie. Boti itajaa."

Tulifungua ncha, tukachomoa mshale. Leo najua tulikosea hata hilo. Kitu kilichochoma mwili huachwa hadi kwa daktari, na ni bahati tu kwamba mshipa mkubwa haukuguswa. Nikamfunga kwa shati langu. Kisha injini ikanishinda kuwasha, kwa sababu siku zote alikuwa akiwasha yeye.

"Vuta kamba," akasema kutoka pale chini.

"Navuta."

"Hapo unaibembeleza. Vuta kama unamtoa ng'ombe shimoni. Nyie kwenu si mna ng'ombe?"

Njiani ndipo alipolisema. Mtu akifika hospitali na jeraha la silaha, kwanza anapelekwa polisi akachukue fomu. Fomu ingeuliza nani. Mimi nilikuwa mwalimu wa serikali, mgeni mjini, nina mtoto wa miaka minne. Akaniambia, "Tutasema ni taa, yule samaki mwenye mwiba mkiani. Mkia wa taa umenichoma." Nikamwambia hapana. Akasema, "Mguu ni wa nani?" Sikusema hapana mara ya pili.

Hivyo ndivyo hadithi ya taa ilivyozaliwa, Vero. Ile ambayo amekusimulia wewe na kila mtoto wa mtaa, na taa anazidi kukua kila mwaka. Hospitali walimwamini. Na kwa kuwa sumu ya taa hutulizwa kwa maji ya moto, walimloweka mguu kwenye beseni la maji ya moto, kwa sumu ambayo haikuwepo, juu ya kidonda ambacho nilikichana mimi. Nilikaa kwenye benchi pembeni. Jasho lilimtiririka, nesi akamuuliza, "Maumivu yanapungua?" Naye akasema, "Yanapungua, sista, ahsante," huku akinitazama mimi. Kidonda kilichelewa sana kupona kwa sababu waliotibu hawakuambiwa wanachotibu. Kule kuchechemea kwake kidogo anapopanda ngazi za duka hakukuletwa na mshale peke yake. Kumeletwa pia na mimi kukaa kwenye benchi lile nimefunga mdomo.

Mama yako alijua siku ya tatu. Aliiona bunduki haina ncha, akaniuliza, nikamwambia. Hakunigombeza. Alichukua ile bunduki akaigawa vipande, akapikia maharage. Wewe ulilia farasi.

Nilidhani sitaingia majini tena. Murtaza ndiye aliyenirudisha, baada ya miezi minne, na kidonda kimefunga. Alikuja hapa na bunduki mpya aliyoitengeneza mwenyewe, fupi kama mkono wa mtoto, mpira mmoja. "Hii," akasema, "hata ukitaka kuua mtu, itabidi umsogelee umwamkie kwanza." Nikacheka na kulia kwa pamoja. Ndiyo bunduki uliyojifunzia ulipofika miaka kumi na tatu. Ulikuwa ukilalamika haifiki popote. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini kila mara nasema sogea, sogea tena, hesabu kwanza mwenzako yuko wapi, ndipo uguse triga. Ulisema nafundisha kama naogopa. Nilikuwa naogopa.

Na sasa wewe ni mzamiaji mzuri kunishinda mimi na yeye. Nimekuona mwaka jana ukishuka bila kutikisa maji, kama kitu kinachokumbuka kilikotoka. Kwa hiyo sikushauri kama mwanafunzi. Nakueleza ninavyoziona zile bunduki mbili, na wewe utaongeza unayoyajua.

Ile ndefu ya sentimita mia na thelathini ni nzuri kweli. Ni ya mbao, na mbao inameza kishindo. Ukipiga, mkono hautupwi juu, mshale unakwenda unakoelekezwa. Mipira miwili, na rili, kile kigurudumu cha kukunjia kamba ndefu. Kwenye maji ya buluu, mbali na mwamba, ambako nguru anapita mita tano au sita mbele yako na hataki kusogelewa, hakuna kinachoishinda. Umenionyesha video alizokutumia yule msichana utakayekaa naye chumba kimoja, na kweli maji yale ni kama hewa. Ukiniuliza bunduki ya siku ile ya video, nitakwambia ndefu bila kufikiri.

Lakini uliniambia wewe mwenyewe, ukisoma kwenye simu, kwamba pwani ile mito yake ikijaa bahari inageuka kahawia kwa siku nyingi, na kwamba mawimbi yakichafuka watu huingia karibu na miamba, kwenye mashimo ya chewa. Siku hiyo bunduki ndefu ni mzigo. Kuigeuza majini ni kama kufungua mlango mzito. Samaki anakuwa ameshaondoka. Ndani ya shimo haizunguki kabisa. Na jambo ambalo halisemwi dukani ni kwamba ukiwa nayo mkononi, inakushawishi. Unaona kivuli mbali, unakumbuka kwamba inafika.

Ile ya tisini na tano haitakupa nguru wa mbali. Utamkosa, na utaniudhikia, na utakuwa na haki. Bomba lake ni la chuma chepesi, lina kelele kidogo mshale unapotoka. Lakini unaweza kuivalisha. Maji yakiwa meupe, unaiongezea mpira wa pili na mshale mwembamba wa milimita sita na nusu, inafika hatua moja zaidi. Yakichafuka, unaivua mpira mmoja, unaweka mshale mnene usiopinda ukigonga jiwe. Nayo badala ya rili ningeifunga kamba ya boya, maana boya linamwambia mwenye boti kwamba chini yake kuna mtoto wa mtu. Fupi unaweza kuirefusha kidogo kwa akili. Ndefu huwezi kuipunguza ukiwa katikati ya ukungu.

Kipimo ninachokipa uzito sasa ni kimoja, na hakimo kwenye daftari langu lile: unapoingia majini, nyoosha mkono, tazama macho yanaishia wapi, halafu jiulize kama mshale wako utakuwa bado una nguvu baada ya pale. Kama mshale utakuwa nayo, usiivute mipira yote siku hiyo. Wala usiiamini loki ya usalama. Ni kipande cha plastiki kinachozuia kipande cha chuma.

Umeona, nimerudi kwenye kueleza. Ni rahisi kwangu kuliko lile jingine.

Leo asubuhi nilimpigia Murtaza. Nilimwambia nataka kukuambia kuhusu mguu. Nikasikia mtu dukani kwake anauliza bei ya mkanda.

"Mwalimu," akasema, "miaka yote hii, leo ndiyo umeamka? Mguu wenyewe ushasahau."

"Mimi sijasahau."

"Najua. Ndiyo maana huwa unakaa upande wangu wa kulia." Sikuwahi kujua kwamba nafanya hivyo. Kisha akasema, "Mwambie mtoto. Ila mwambie na ile ya maji ya moto, maana mshale hata sikuusikia. Maji yale ndiyo yaliniuma, mzee."

"Na akichagua ndefu?"

"Basi kachagua ndefu. Wewe unataka umwambie ili ajue, au ili akutii?"

Nimekaa na swali hilo tangu saa tatu. Nimeandika barua hii nikiwa nalo. Nikisoma nilichoandika, naona nilianza nikitaka unitii. Nilitaka hadithi hii ikushike mkono ikuondoe kwenye ile ndefu, kama nilivyokuwa nikikushika kuvuka barabara ya Bagamoyo. Sasa sina hakika. Mimi nilikuwa na rafiki aliyetia mkono majini akaniambia ukweli wote kwa maneno machache, na hayakunisaidia, kwa sababu sikuwa nimewahi kuumiza mtu. Wewe hujawahi pia, na namwomba Mungu usijue kamwe. Siwezi kukupa nilichokijua siku ile kamba ilipokaza. Naweza tu kukuambia kwamba kilinitokea mimi, baba yako, mtu mpole, mwenye hesabu sahihi.

Huko utazama na watu nisiowajua. Mmoja wao atakuwa mwisho wa kamba yako siku fulani, na wewe utakuwa mwisho wa yake. Likitokea lolote, likiwa limefanywa na yeyote, litaje kwa jina lake pale hospitali. Hilo peke yake nakuomba kama baba. Mengine ni mazungumzo.

Nitakupa barua hii mkononi mkirudi, kisha nitakwenda kutembea hadi dukani na kurudi, ili usome bila kunitazama. Ukitaka tuzungumze, nipo. Usipotaka, nitaelewa; mimi mwenyewe nimehitaji muda mrefu kuliko jioni moja.

Kesho tutaondoka mapema kwenda uwanja wa ndege, na tutapita Kipawa duka likiwa limefunguliwa. Anko wako atakuwa ameziweka zote mbili juu ya kaunta. Moja ni yako, inayobaki atampa mkwewe, ambaye hajali ni ipi. Msalimie, zishike, ziinue, fumba macho uone ipi inakuja mkononi bila kuitwa. Mimi nitabaki nje kwenye gari. Uso wangu haujawahi kujua kuficha kitu, isipokuwa mara moja, na sitaki ukuchagulie. Utakapotoka, yoyote utakayokuwa umeibeba, nitashuka nikufungulie buti.

Baba yako anayekupenda